Homoni baada ya hedhi kukoma: unaanza lini, na kumbukumbu inakuwaje?

Juzi kliniki kakaa mbele yangu mwalimu wa miaka 49, feni inazunguka juu yake na bado anajifuta jasho shingoni kwa ncha ya khanga, akaniambia dokta naogopa, miaka ishirini nafundisha lakini sasa nasimama mbele ya watoto jina la mwanafunzi halinijii, na juzi maharage yameungua mpaka jirani ndo kaja kugonga mlango. Je ndo naanza ugonjwa wa bibi yangu? Na shoga yake keshamwambia kuna vidonge vya homoni vinarudisha kumbukumbu.

Mama zangu, huko kusahau ni kweli kupo, hamjitungii. Hedhi ikianza kuyumba, estrojeni, ile homoni ya kike inayotoka kwenye ovari (vifuko vya mayai), nayo inapanda na kushuka hovyo, joto linakuamsha usiku mara tatu mara nne, asubuhi kichwa kizito. Utafiti wa SWAN kule Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi uliona kushika mambo mapya kunalegea kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi, halafu baadaye kunarudi. Kwa walio wengi hiyo sio dimensia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fikra.

Sasa vidonge. Hofu kubwa kuhusu homoni na ubongo ilianza 2003 pale utafiti wa WHIMS, hukohuko Marekani, ulipotoa majibu ya wanawake zaidi ya 4,500, na wote walikuwa na miaka 65 kwenda juu. Waliomeza estrojeni pamoja na projestini (homoni ya jamii ya projesteroni), 40 walipata dimensia, waliopewa vidonge visivyo na dawa ni 21. Karibu mara mbili! Lakini angalia umri, hao wameanza homoni miaka mingi baada ya hedhi kukoma, na habari ikasambaa kama vile inamhusu kila mwanamke, hata wa miaka 50 anayeteseka na joto akanyimwa.

Wakaja watafiti wengine wakauliza, je ukiwahi? Utafiti uitwao KEEPS ukachukua wanawake ambao hedhi imekoma ndani ya miaka 3, wakatumia homoni miaka 4, majibu ya 2015 yakaonyesha kumbukumbu haikupanda wala haikushuka. Mwingine, ELITE, ukapima wanawake ambao hedhi imekoma chini ya miaka 6 iliyopita na wale waliozidi miaka 10, mwaka 2016 ukasema hivyohivyo, pande zote hamna tofauti kwenye kumbukumbu kati ya waliotumia homoni na wasiotumia. Kwa hiyo ukiwahi, kwa tulivyoona mpaka sasa, ubongo hauumii, ila usiimeze kama kinga ya kusahau maana hilo halijathibitika. Na wewe unayetaka kumnunulia mama yako wa miaka 70 homoni kwenye duka la dawa ili akumbuke vizuri, nakuomba sana usifanye hivyo.

Aliyetolewa ovari zote mbili akiwa bado kijana ni habari nyingine kabisa, huyo estrojeni imekatika ghafla kabla ya wakati, na mara nyingi tunamshauri atumie homoni mpaka karibu umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, kama hana kizuizi.

Yule mwalimu tulimpima presha, tukakagua matiti, tukamuuliza kama amewahi kuganda damu, kiharusi, au kutokwa damu isiyoeleweka. Kizazi chake kipo, kwa hiyo hatukumpa estrojeni peke yake, inaweza kuleta saratani ya kizazi, lazima iende na projesteroni. Tumempa kwa ajili ya lile joto na usingizi, na nikamwambia wazi hii sio dawa ya majina ya wanafunzi. Anarudi baada ya miezi 3.