Je, wajua kwa nini wanawake wa vijijini Uganda hawafanyi kazi zilezile?

Hapa Busia, mpakani na Kenya, mwanamke hupalilia mahindi asubuhi, na mchana utamkuta sokoni na karai la nyanya, akiwaita wateja kwa Kiswahili. Kule Karamoja, kaskazini mashariki, mwenzake yuko machimboni, ameshika nyundo, anavunja mawe kuwa kokoto. Wote wawili wanatafuta pesa nje ya shamba, ila mmoja amevutwa na soko na mwingine amesukumwa na njaa.

Chanzo cha kwanza ni mvua. Kusini mwa Uganda watu hupanda mara mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa ya kaskazini, hasa Karamoja, ina msimu mmoja tu, na ukiharibika hakuna mwingine wa kufidia. Ndipo mwanamke wa Acholi au Lango, maeneo ya kaskazini, anapotafuta leja leja, yaani kibarua cha kulima shamba la mwingine kwa ujira, au anapika pombe, au anatengeneza mafuta ya shea. Matunda ya shea huanguka yenyewe, nao wanawake huyaokota alfajiri. Kokwa hukaushwa, hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa mpaka mafuta yaelee na kuenguliwa kwa upawa. Inaniuma kuona miti hiyo ikikatwa kwa ajili ya mkaa, maana huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa.

Kaskazini ilibeba pia vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) hadi 2006. Zaidi ya watu milioni 1 waliishi kambini na ng'ombe wakaisha. Bila maksai, mjane alirudi kwenye shamba lililoota pori akiwa na jembe la mkono tu.

Buganda, eneo la kati, imeuzunguka mji mkuu Kampala, barabara zipo, na mashamba ya maua kando ya Ziwa Victoria huajiri wanawake wengi. Magharibi, karibu na Fort Portal, kuna vibarua vya kuchuma chai.

Lakini hata penye mvua nzuri, ardhi mara nyingi ni ya mume. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon mke huchuma kahawa, na mara nyingi mume ndiye huiuza na kupokea pesa. Ila pesa ya karai la nyanya hufungwa kwenye pindo la leso ya aliyeziuza.