Acheni kubadilisha nozeli za boti mpya

Jana usiku nimepokea voisi noti ya dakika nne. Jamaa ana boti mpya ya faiba, injini mbili za dizeli, haijamaliza hata miezi mitatu majini na injini ya kulia inazimika zimika njiani, na katikati ya maelezo akaitoa ile sentensi ambayo mwaka huu nimeisikia mpaka basi: "Fundi, kwenye mafuta hakuna shida, mipira yote nimeikagua, hakuna hata tone linalovuja." Halafu akauliza nozeli seti nzima, vile vipuli vinavyorusha dizeli ndani ya silinda, zitafika bei gani. Sikumjibu, nikaweka simu chini nikaenda kula. Leo naandika ili mwingine akija na hiyo hiyo namrushia linki tu.

Sikilizeni. Kutoka kwenye tangi mpaka pampu ya kuvuta, mafuta HAYASUKUMWI, yanavutwa. Umeshawahi kunywa dafu kwa mrija wenye tundu? Maji ya dafu hayadondoki kwenye lile tundu, wewe ndio unavuta upepo, unapata povu na kelele, dafu lenyewe hulipati. Sasa hapo utasema mrija ni mzima kwa sababu hauvuji? Upande wa kuvuta ukiwa na mwanya mdogo, upepo unaingia na dizeli haitoki, mpira utaukuta mkavu kama umetoka dukani leo. Kuvuja kwa kuonekana kwa macho ni habari za baada ya pampu, huko ndio kuna presha. Kwa hiyo ukiniambia "hakuna kinachovuja" umenipa habari za nusu moja tu ya njia ya mafuta.

Wengine wananibishia, mbona asubuhi tangi likiwa full inatembea vizuri? Ndio hivyo sasa. Tangi likijaa mafuta yanakuwa karibu na usawa wa pampu au juu yake, kuvuta kunakuwa kazi ndogo, mwanya unanyamaza. Mafuta yakishuka na wewe ukaongeza moto, pampu inavuta kwa nguvu zaidi na mwanya ule ule unaanza kunywa upepo, raundi zinapanda zinashuka, injini inakohoa, kimya. Unapampu kwa mkono, inawaka, abiria wanakusifu, nusu saa imezima tena. Ikilala usiku mafuta yanarudi tangini taratibu na asubuhi selfu inalia weee mpaka majirani wanatoka. Ukitaka kuukamata huo mwanya, na kama tangi lako liko juu ya filta, jaza mpaka juu, futa kila kiungo kikauke, kizungushie tishu nyeupe halafu nenda kalale, kwa sababu sasa mafuta ndio yanasukuma kwenda nje. Asubuhi tishu itakwambia.

Mwaka jana niliitwa Nyamisati, boti mpya ya kuvusha watu kwenda Kilindoni, Mafia. Ndani ya delta ya Rufiji maji yametulia, boti inaruka kama imetoka kiwandani, na kweli ndio imetoka kiwandani. Ikifika mdomoni mwa mto ikakutana na mawimbi ya kusi, injini ya kulia inakufa. Kila safari. Wenyeji walishasema yao, sitaingia huko. Fundi wa kwanza kabadilisha nozeli, wa pili kabadilisha pampu ya kuvuta, wa tatu kaja na laptopu, ikaandika presha ya mafuta ndogo, akabadilisha sensa! Sensa ilikuwa inasema ukweli mtupu jamani, mjumbe hauawi.

Nilichofanya mimi hakina utaalamu wowote. Madumu matatu ya lita 20, dizeli niliyoichuja mwenyewe, mpira mpya, nikaunga moja kwa moja kwenye filta ya injini nikaruka tangi na separeta (lile chujio linalotenga maji na dizeli), na mpira wa marejesho, unaorudisha dizeli iliyozidi, nao nikauingiza kwenye dumu (ukisahau huu, dumu linaisha hujafika popote na unaanza kuilaumu injini upya). Baharia akayafunga madumu kamba, tukaingia kwenye mawimbi mwendo wa wastani kama nusu saa. Haikukohoa. Maana yake injini haina kosa, zile nozeli zilizotolewa hazikuwa na kosa, na zilikuwa zimeshauzwa.

Hapo ndio unarudi nyuma kiungo kwa kiungo. Nikarudisha mafuta ya tangi, nikaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani baada ya separeta: mapovu. Nikakihamishia kabla ya separeta: hakuna. Basi upepo unaingia hapo katikati. Nafungua mfuniko wa separeta, nakuta oringi, zile pete za mpira za kuziba, mbili zimelaliana, ya zamani ilibaki imeganda kwenye mfuniko na aliyebadilisha filta akaweka mpya juu yake. Oringi ya shilingi elfu chache. Mwenye boti hakufurahi, aliniuliza kwa nini nachaji nauli na siku mbili kwa ajili ya kutoa oringi moja.

Ila niseme ukweli ambao kwenye kitabu cha injini hutausoma. Siku ile ile nilifungua tangi pia, nikakuta unga wa faiba na vipande vya silikoni, kingine kimekaa kwenye mdomo wa bomba la kuvutia. Nikasafisha, nikabadilisha washa za kopa, nikakaza klipu zote. Boti ikapona. Sasa kipi kilikuwa kinaizima? Oringi inaeleza mapovu lakini haielezi kwa nini mawimbini tu, kwa sababu mapovu niliyaona boti ikiwa imefungwa gatini. Uchafu unaeleza mawimbi, maana tangi likitikiswa uchafu unainuka. Nadhani vilikuwa vinasaidiana. Ningeweka geji ya vakyumu, ya kupima nguvu ya kuvuta, kwenye njia ya mafuta kwanza ningejua, kwa sababu kukiwa na kuziba sindano inapanda, na kukiwa na upepo sindano inalala huku injini inakufa. Sikuweka. Boti ilitakiwa kesho yake alfajiri, nikarekebisha vitu vinne kwa mpigo na ushahidi nikauharibu mwenyewe. Mafundi wengi tunafanya hivyo halafu tunajifanya tulijua.

Na hilo neno "mpya" ndio linawaponza. Boti mpya ni tangi ambalo juzi lilikuwa linakatwa na kutobolewa, fundi mwingine kaziba kiungo kwa tredi tepu, ule utepe mweupe wa mafundi bomba (tafadhali msiweke tredi tepu kwenye njia ya dizeli, inakatika vinyuzi inaenda kukaa pabaya), halafu boti imekaa miezi juani ikisubiri karatasi, tangi nusu, unyevu unaganda kwenye kuta unateremka chini unakuwa maji. Vijidudu vinaota kati ya maji na dizeli, ndio ule uteute mweusi kwenye filta. Na nyigu kajenga kwenye bomba la kupumulia tangi! Nimeshalikuta hilo. Injini inakwenda vizuri halafu inakufa kama imenyongwa, ukifungua mfuniko wa kujazia unasikia fyuuu, inawaka tena. Ukisikia hiyo fyuuu tafuta waya uzibue, usiite mtu.

Mengine nayapitia haraka. Raundi hazifiki za kwenye kitabu, moshi mweusi, inachemsha: angalia propela, boti ilijaribiwa tupu na nyinyi mmepakia watu na magunia. Ukifungua mfuniko wa chumba cha injini raundi zikapanda, basi injini inakosa hewa. Inazima ghafla kama umezima swichi, bila kukohoa, huo ni umeme, anza na nyaya za negativu na viungo vilivyobanwa kwa koleo, chumvi haina huruma na waya wa gari. Injini zote mbili zikifa kwa pamoja angalia kitu zinachochangia, mafuta au betri. Moshi wa bluu kwenye injini mpya kabisa usiguse kitu, hiyo ni ya waranti.

Ila mawili siwezi kuyapitia haraka. La kwanza, kama injini yako ni komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, ule mchezo wa kulegeza nati za nozeli huku inazunguka ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, ACHA. Huko kuna presha zaidi ya bar 1,000, mafuta yanapenya ngozi na mkono unaweza kuupoteza. La pili linaniuma zaidi kwa sababu linaua injini nzima isiyo na kosa. Injini imegoma, unapiga selfu, unapumzika, unapiga tena. Kila ukipiga, pampu ya maji ya bahari inasukuma maji kwenye egzosti, na kwa kuwa injini haijawaka hakuna moshi wa kuyatoa. Yanajaa kwenye sailensa, yanapanda, yanaingia kwenye silinda. Baada ya hapo hutafuti tena upepo, unatafuta hela. Ukiona imegoma funga valvu ya maji ya bahari ndio uendelee na selfu, na ikiwaka tu ifungue hapo hapo, usiende kuwapigia watu simu kwanza, impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji, haivumilii kuzunguka kavu.

Nikiwa namalizia hapa jamaa wa voisi noti kapiga. Nimemwambia nozeli aziache huko dukani, afungue mfuniko wa separeta ahesabu oringi. Kanyamaza kama dakika hivi, nasikia mawimbi tu.

"Fundi, zinatakiwa ngapi?"