“Ni Uzee Tu”: Maswali na Majibu kuhusu Dimenshia katika Familia za Kichina

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba Uchina ina watu milioni 15 wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaoishi na dimenshia. Wengi wao hawajawahi kupimwa. Nyumbani husemwa lao hutu, mzee kachanganyikiwa kwa umri, na mazungumzo yanaishia hapo. Maswali yafuatayo huulizwa na watoto na wakwe, mara nyingi wakiwa wamechelewa.

Dimenshia ni nini?

Ni hali ya kumbukumbu, lugha na uwezo wa kuamua kuharibika kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo, hadi mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, karibu theluthi mbili ya wagonjwa nchini Uchina. Unaofuata ni uharibifu wa mishipa ya damu ya ubongo, hasa kutokana na presha na kiharusi.

Lakini si kila mzee husahau?

Husahau, ndiyo. Mzee mwenye afya husahau jina la jirani, kisha linamjia jioni. Mgonjwa huuliza “umekula?” mara tano katika mlo mmoja, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Huweka sufuria tupu juu ya moto na kwenda kulala. Huficha kitabu cha benki ndani ya gunia la mchele, halafu anamshutumu mkamwana kwamba amekiiba.

Hili la wizi hutokea sana, na familia inaweza kugombana mwaka mzima kabla mtu yeyote hajafikiria hospitali. Mkamwana si mwizi na mama hana ubaya. Ubongo wake haukuhifadhi alichokifanya saa moja iliyopita, basi unajaza pengo kwa maelezo yanayomwingia akilini.

Ana miaka 82. Kwa umri huo si kawaida?

Hapana. Si kawaida kwa miaka 82, wala kwa 92. Umri huongeza hatari, lakini wazee wengi hufika huko na akili zao timamu. Ripoti ya Dunia ya Alzheimer ya mwaka 2024 ilikuta asilimia 80 ya wananchi waliohojiwa katika nchi mbalimbali wakiamini kwamba dimenshia ni sehemu ya kawaida ya uzee, na asilimia 65 ya wahudumu wa afya wakiamini hivyo hivyo. Kwa hiyo hata daktari akikuambia “ni umri tu” bila kumpima, omba vipimo.

Tusubiri kwanza Mwaka Mpya wa Kichina, watoto wote wakirudi?

Msisubiri. Watoto wanaofanya kazi Shenzhen au Shanghai hurudi mara moja kwa mwaka, wanashtuka, wanaambiwa wasiharibu sikukuu, wanaondoka. Mwaka mwingine umepita hivyo.

Kuchelewa kuna gharama. Kwanza, baadhi ya hali zinazofanana na dimenshia hutibika: sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, dawa za usingizi, au damu iliyovilia juu ya ubongo baada ya kuanguka. Pili, dawa kama donepezil, ambayo kwa kawaida huanzwa miligramu 5 kwa siku, haziponyi. Husaidia baadhi ya wagonjwa kujimudu kwa muda zaidi, na muda huo una thamani kubwa mapema. Tatu, mzee aliye mwanzoni mwa ugonjwa bado anaweza kusema mwenyewe nani ashike fedha zake na anataka kutunzwa wapi. Miaka mitatu baadaye huenda asiweze.

Akipelekwa, watamfanya nini?

Hospitali kubwa za Uchina zina kliniki za kumbukumbu, kwa kawaida chini ya idara ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Ndugu anayeishi naye ataulizwa maswali manane ya ndiyo au hapana: je, amebadilika katika kufanya uamuzi, kupenda mambo aliyoyapenda, kurudia maneno, kujifunza kutumia kifaa kipya, kujua mwezi na mwaka, kusimamia fedha, kukumbuka miadi, na kufikiri kwa jumla? “Ndiyo” mbili zinatosha kuendelea na uchunguzi.

Kisha mzee hupewa mtihani wa alama 30, na huenda akaombwa kuchora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alama husomwa kwa kuangalia elimu yake: katika toleo linalotumika sana Uchina, mpaka wa kushuku ni 17 kwa asiyesoma kabisa, 20 kwa aliyefika shule ya msingi, na 24 kwa aliyesoma zaidi. Bibi wa kijijini asiyejua kusoma akipimwa kwa kiwango cha mwalimu mstaafu, ataitwa mgonjwa bure. Mwisho ni vipimo vya damu na picha ya ubongo.

Nendeni na dawa zake zote, za kienyeji zikiwemo. Mganga wa tiba asilia aonwe ikiwa mnataka, lakini baada ya vipimo, si badala yake.

Majirani wakijua tutaaibika.

Aibu hii ina mizizi. Jina la Kichina linalotumika sana, chidai, lina maana ya upumbavu, na ndiyo maana Taiwan na Hong Kong zimeacha kulitumia. Wapo pia wanaoona ni adhabu ya makosa ya zamani au balaa kwa ndoa za watoto. Si adhabu. Lakini kumfungia mzee ndani kunamuumiza kweli: hatembei, hazungumzi na mtu, halali usiku, anadhoofika upesi.

Na siku mlango ukisahaulika wazi, jirani asiyejua hatamzuia. Mvalisheni bangili ya njano yenye namba ya simu; nchini Uchina watu huitambua kuwa ni ya wazee wanaoweza kupotea. Akipotea pigeni 110, namba ya polisi wa Uchina, papo hapo. Hakuna kusubiri saa 24.

Kumpeleka kituo cha wazee si kumkosea heshima mzazi?

Heshima kwa wazazi, xiao, ni nguzo ya familia ya Kichina, na hakuna anayetaka ivunjwe. Lakini mtoto wa pekee aliyezaliwa enzi za sera ya mtoto mmoja anaweza kuwa na wazazi wawili na wakwe wawili wa kutunza. Akikosa usingizi miezi sita, anaanza kumfokea mzee, hata kumfunga kwenye kiti. Kituo cha mchana, au mtu wa kumshikia mtoto huyo zamu siku mbili kwa wiki, humlinda mzazi.

Tumesikia kuna upasuaji wa shingo unaoponya.

Ulikuwepo: kuunganisha mirija ya limfu (majimaji ya mwilini yasiyo damu) na mishipa ya damu shingoni. Ulienea haraka katika hospitali nyingi bila ushahidi wa kutosha. Mwezi Julai 2025 Tume ya Taifa ya Afya ya Uchina iliupiga marufuku kwa ugonjwa wa Alzheimer. Anayewauzia leo msimlipe.

Baba alikuwa sawa hadi jana. Leo hawajui hata watoto wake. Ndiyo dimenshia yenyewe?

Kuchanganyikiwa kwa ghafla si dimenshia ya kawaida, na hapa ndipo “ni uzee” huua. Kunaweza kuwa kiharusi, maambukizi ya mkojo au mapafu, sukari iliyoshuka, au dawa mpya. Angalieni kama mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki. Andikeni saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, maana daktari ataiuliza kabla ya kuamua dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mkiwa Uchina pigeni 120, namba ya gari la wagonjwa, sasa hivi, kabla ya kumpigia mjomba kuomba ushauri.