Ukiungua jikoni: dawa ya meno au maji ya bomba?

Kwa mama lishe, kwenye banda la chipsi, hata kwenye jiko la hoteli kubwa, wengi tumekua na imani hii: mafuta yakikurukia, paka haraka dawa ya meno, unga au ute wa yai, moto utatoka. Imani hiyo ina chimbuko lake, maana mnanaa wa dawa ya meno huleta ubaridi.

Ila ubaridi huo ni wa hisia tu. Joto lingali ndani ya ngozi, linaendelea kuunguza. Tazama yai la kuchemsha: liepue uliache sahanini, litazidi kuiva ndani, litie kwenye maji baridi, linapoa. Mkono nao ni vivyo hivyo. Uweke chini ya bomba linalotiririka kwa dakika 20 (ni ndefu, najua, hasa wateja wakisubiri), vua pete kabla hapajavimba, kisha funika kwa kitambaa safi. Pasipo bomba, mimina maji safi kwa kata. Barafu usiweke, nayo huumiza ngozi.

Unga ukishagandamana na jeraha, muuguzi hulazimika kuubandua kwanza ndipo aone ukubwa wake. Maumivu yake ni makali mno.

Unaweza kuhakiki mwenyewe: soma boksi la dawa ya meno uone kama linataja majeraha ya moto, au muulize muuguzi wa zahanati ya jirani. Palipoungua pakiwa usoni, viganjani, au pametoka malengelenge makubwa, poza kwanza, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.