Winchi ya nanga na mosfeti nne: kwa nini za juu ndizo huungua

Nahodha akiniletea ubao wa winchi ya nanga ulioungua, huanza kwa kupima mosfeti mbili za juu, yaani swichi za kielektroniki zinazoiwasha mota. Mara nyingi mita hulia palepale: dreini na sosi, miguu miwili ambayo mkondo hupita kati yake, zimeshikana. Kisha huja swali ambalo mafundi wengi wa hapa Amu wamelisikia: "Fundi, mbona niliweka ya ampea 110?"

Ukubwa haukuwa tatizo. IRF3205, ile ya ampea 110, ni mosfeti nzuri na hata mimi huitumia. Tatizo ni namna geti lake, mguu unaoiamuru ifunguke (ipitishe mkondo) au ifunge, linavyolishwa.

Mpangilio wenyewe huitwa daraja la H. Mota iko katikati. Mosfeti mbili za juu huiunganisha na chanya ya betri, mbili za chini na hasi. Ukiwasha ya juu kushoto pamoja na ya chini kulia, nanga inashuka. Ukiwasha zile nyingine mbili, inapanda.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo linalogharimu watu pesa. Mosfeti haijali geti lina volti ngapi kutoka kwenye hasi ya betri. Inajali geti limeizidi sosi yake kwa volti ngapi. Ile ya chini sosi yake imekaa kwenye hasi, kwa hiyo ukiipa geti volti 12 inafunguka yote. Ya juu, ikiwa ni ya aina ya N (inayofunguka geti likiizidi sosi), sosi yake imeunganishwa na mota. Ikianza kufunguka, sosi inapanda kuelekea volti 12, na geti lako la volti 12 halina tena cha kuizidi. Mosfeti inabaki nusu wazi, imeng'ang'ania volti 4 hivi. Mota ikivuta ampea 20, hizo ni wati 80 za joto ndani ya kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ingefunguka yote, ukinzani wake ni kama miliomu 8, na joto lingekuwa wati 3.2 tu.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kuweka aina ya P juu (inayofunguka geti likiwa chini ya sosi), kama IRF4905. Geti lake unalivuta kwenda hasi na inafunguka. Ni rahisi, ila ukinzani ni miliomu 20, yaani wati 8 kwa ampea zilezile. Na kwenye boti ya volti 24 usilivute geti moja kwa moja hadi hasi, kwa sababu halistahimili tofauti ya zaidi ya volti 20 na sosi.

Mimi napendelea aina ya N zote nne pamoja na draiva, chipu ya kuyalisha mageti, kama IR2104, moja kwa kila upande wa daraja. Kapasita yake hujazwa mosfeti ya chini inapokuwa wazi, kisha hupanda pamoja na sosi na kulipa geti la juu volti zake. Lakini chaji hiyo huvuja. Ukiiacha ya juu wazi bila kukatiza, mwishowe inalegea. Kwenye programu yangu mwendo wa juu kabisa ni asilimia 95, yaani ya juu hufungwa asilimia 5 ya muda, ili kapasita ipate nafasi ya kujaa tena.

Draiva hiyo ina faida nyingine: huacha mwanya wa nanosekunde 520 hivi kati ya kufunga moja na kufungua mwenzake. Bila mwanya, mosfeti mbili za upande mmoja hukutana zote wazi na betri inapigwa shoti kupitia kwao. Vilevile weka risista ya kiloomu 10 kati ya kila geti na sosi yake, mosfeti zibaki zimefungwa Arduino, kompyuta ndogo inayoliamuru daraja, inapoamka.

Kugeuza mota ghafla ni balaa lake peke yake. Mota inayozunguka ni jenereta; ukiigeuza, volti yake inajumlika na ya betri, na mkondo unakaribia mara mbili ya ule wa mota iliyokwama. Punguza mwendo polepole, isubiri isimame, ndipo ugeuze. Kukwama nako kupo, hasa nanga ikishika matumbawe upande wa Manda, kwa hiyo pima mkondo na ukate mapema.

Kapasita kubwa ya volti 35 ikae karibu kabisa na daraja, baada ya fyuzi. Na ubao wote usafishe kwa spiriti na uupake vanishi, maana chumvi ya hewa yetu hujenga njia ya umeme kati ya miguu ya mosfeti.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ondoa mota, na mahali pa fyuzi weka balbu ya gari ya wati 21. Amuru daraja kushoto, kisha kulia. Balbu ikiwaka sana upande wowote, mosfeti mbili za upande mmoja ziko wazi pamoja. Zima, rudi kwenye mageti.