Kwa nini 2,147,483,647 haigawanyiki

Wanafunzi ninaowafundisha hapa Mbeya hukutana na 2,147,483,647 kwenye kioo cha kompyuta kabla hawajaiona ubaoni. Mmoja aliandika programu ya kujumlisha kwa gramu uzito wa viazi vya msimu mzima vinavyotoka Uyole. Jumla ilipofika hapo na kuongezwa moja, jibu likageuka kuwa −2,147,483,648. Nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, yenye namba chanya na hasi haibebi zaidi. Ndiyo maana mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970 itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.

Lakini uzuri wake hasa ni kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na mwanahisabati Mswisi Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 huko Saint Petersburg, macho yakiwa karibu yamepofuka kabisa.

Namba yenyewe ni 2³¹ − 1. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na kitu, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Nani azijaribu zote kwa mkono? Euler alianza kwa kuuliza kigawo chake, kama kipo, kingekuwa na sura gani.

Tuseme namba tasa q inaigawanya bila baki. Basi 2³¹ ukiigawa kwa q, baki ni 1. Baki za vipeo vya 2 hujirudia kwa mzunguko, na urefu wa mzunguko huo lazima ugawanye 31. Kwa kuwa 31 nayo ni tasa, urefu ni 31 kamili. Mwanahisabati Mfaransa Fermat alishaonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 pia huacha baki 1. Kwa hiyo q − 1 ni kigawe cha 31. Na kwa vile q ni witiri, ni kigawe cha 62.

Hapo tayari kazi imepungua mno. Kisha zidisha kwa 2: 2³² huacha baki 2, nayo 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Hilo hutokea pale tu q ikigawanywa kwa 8 inapoacha 1 au 7. Ukiunganisha masharti yote mawili, q ni 248k + 1 au 248k + 63, k ikiwa namba nzima. Zimebaki namba 372 tu za kujaribu, na hakuna hata moja inayoigawanya.

Kompyuta za leo zinazosaka namba za aina hii huanza na mchujo huohuo. Hata 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kutoa 1, namba tasa ya tarakimu 41,024,320 iliyotangazwa Oktoba 2024, ni ya ukoo huu.

Jaribu mwenyewe kwa 2²³ − 1, yaani 8,388,607. Vigawo vyake ni vya sura ya 46k + 1. Anza na 47.