Ivunje hoja kabla hujaipa jina la kosa

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliorodhesha makosa 13 ya kimantiki, na orodha za leo zimepita hapo kwa mbali. Sishauri mtu aanze kwa kukariri majina. Anayeyakariri huishia kuwarushia wenzake, huku hoja yenyewe ikibaki haijaguswa.

Mimi huanza na hitimisho: mtu huyu anataka nikubali nini? Mara nyingi hufuata “kwa hiyo”, “basi” au “ndiyo maana”. Kisha natafuta misingi aliyoitaja, yaani sababu anazozitegemea. Halafu najiuliza: nikiikubali misingi yote, nalazimika kukubali hitimisho? Kama silazimiki, kuna msingi ambao hakuutamka. Uandike kwa maneno kamili, kwa sababu kosa mara nyingi limejificha humo.

Chukua hoja hii: “Betri ikiisha, simu huzimika. Simu imezimika. Kwa hiyo betri imeisha.” Inasikika sawa. Acha umbo lake, badilisha yaliyomo: “Akiwa ng’ombe, ana miguu minne. Paka ana miguu minne. Kwa hiyo paka ni ng’ombe.” Misingi ni kweli, hitimisho ni uongo, umbo ni lilelile, basi umbo hilo halithibitishi kitu. Msingi uliofichwa ni kwamba hakuna kingine kinachozima simu isipokuwa betri. Hata hivyo, fundi anayeanza kwa kukagua betri hajakosea, maana anasema “huenda”. Kosa huingia pale “huenda” inapogeuzwa “lazima”.

Linalopotosha watu zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la “kimetokea baada ya, kwa hiyo kimesababishwa na”. Mtu ana mafua, anakunywa dawa fulani, siku tatu baadaye amepona, anaisifia. Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10, na watu hukimbilia dawa siku wanapozidiwa, yaani wakati ambapo nafuu iko karibu hata wasipomeza chochote. Swali la kuuliza: wasioitumia walipona baada ya siku ngapi? Bila jibu hilo huna ushahidi, hata wakijitokeza mashahidi mia.

Kumshambulia msemaji kunahitaji uangalifu, kwa sababu si kila mara ni kosa. Daktari mvutaji akisema sigara inadhuru mapafu, uvutaji wake hauondoi chochote kwenye hoja. Ushahidi upo nje yake. Lakini mtu akisema “niliona kwa macho yangu”, hoja nzima imeegemea neno lake, na rekodi yake ya uongo inahusika kabisa.

Kupotosha hoja ya mwenzako ili iwe rahisi kuiangusha hujitambulisha kwa “yaani unataka kusema…” ikifuatiwa na jambo ambalo hakulisema. Dawa yake ni kuirudia hoja yake kwa maneno yako mpaka akuambie “ndivyo hasa”, ndipo uijibu. Ukiambiwa kuna njia mbili tu, itafute ya tatu. Kwa kawaida ipo.

Ukishalipata kosa, hujathibitisha kwamba hitimisho ni uongo. Anayesema dunia ni ya mviringo kwa kuwa babu yake alimwambia hivyo ametoa hoja mbovu, na dunia ni ya mviringo vilevile. Ulichoondoa ni sababu moja. Hitimisho bado linangoja kupimwa kwa sababu nyingine.